Mwongozo wa Kuipigia Magoti Likopodi Yenye Suke la Pembe Mbili

Hatua ya kwanza ni kupunguza mwendo. Wapanda Kilimanjaro huambiwa "polepole" tangu langoni ili miili yao izoee hewa nyembamba, na ushauri huo unamfaa hata zaidi yule asiye na haja ya kilele. Kilele hakihami, na mwakani kitakuwa palepale. Suke la likopodi lililogawanyika pembe mbili msimu huu litakuwa limekauka, na aliyelipita macho yakiwa mawinguni hatalikuta tena. Mwache mwenzako atangulie na fimbo zake. Wewe inama.

Unachokiinamia ni mmea mfupi wa kijani usio na ua wala mbegu, unaozaana kwa spora. Usiuchukulie poa kwa sababu ya kimo chake. Ukoo wa likopodi umeacha mabaki ya zaidi ya miaka milioni 400: Baragwanathia, iliyopatikana kwenye miamba ya jimbo la Victoria nchini Australia, tayari ilikuwa na majani membamba yaliyolizunguka shina lote. Baadaye jamaa zake wa jenasi Lepidodendron walikuwa miti iliyozidi mita 30, na vinamasi walimoota ndimo lilimotoka fungu kubwa la makaa ya mawe ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Waliobaki leo wengi hawafiki gotini, ndiyo maana magoti yako yanahitajika.

Afrika Mashariki haikunyimwa. Lycopodium clavatum hutambaa kwenye kingo za misitu na nyasi za milimani, kuanzia Usambara na Uluguru hadi Kilimanjaro na Mlima Kenya. Lycopodiella cernua ina umbo la mti mdogo wenye matawi mengi, na masuke yake mafupi huinamia chini. Hiyo hupenda kuta za udongo zilizochongwa barabara ilipopita, kwa hiyo anayekwenda Amani, huko Usambara, anaweza kuiona bila hata kushuka garini. Juu kabisa, miti ikishaisha, kuna Huperzia saururus, yenye shina nene lililosimama wima katikati ya nyasi na mawe. Anza na ile ya kwanza. Nyingine zitakuja kuizungumzia.

Huwezi kumtambua mwasi kabla hujamjua mtiifu. Toa lenzi inayokuza mara kumi, uisogeze karibu na jicho, kisha ulete mmea kwenye lenzi. Utaona majani ya milimita chache, na kila moja limeishia kwenye unywele mweupe. Juu ya shina linalotambaa yamesimama matawi, na kutoka kwenye baadhi ya matawi hayo hupanda bua jembamba lenye majani machache yaliyoachana. Bua hilo ndilo linalobeba masuke mawili au matatu, ya rangi ya njano iliyofifia, yamesimama sambamba. Chukua sindano ulifunue jani moja la suke. Kwapani mwake, pale linapokutana na shina, kuna kifuko kimoja cha spora chenye umbo la figo. Kikikomaa hupasuka kwa mstari mmoja unaopita juu ya mgongo wake, kikawa vipande viwili vilivyoachama, na ndani mnabaki unga wa njano. Funua jani la pili, halafu la tatu. Jani moja, kifuko kimoja. Endelea mpaka uchoke, kwa maana uchovu huo ndio utakaolifanya jicho lishtuke likikutana na kitu kingine.

Kitu hicho kingine, mara nyingi, kitakuwa suke lililogawanyika. Linapanda vizuri kutoka kwenye bua, jani na kifuko, jani na kifuko, kisha ghafla yanakuwa masuke mawili yanayoachana. Wengi hapo husema mmea umepotoka, wakaendelea na safari. Kaa kidogo. Likopodi haitoi matawi kama mpera au mkahawa, ambao chipukizi lake hutoka kwapani mwa jani. Kwenye likopodi, ncha yenyewe ya kukua hugawanyika kuwa ncha mbili, na kila moja ikashika njia yake. Hata lile bua la kawaida lenye masuke mawili limepatikana kwa mgawanyiko huohuo, uliotokea mapema, kabla majani hayajaanza kubeba vifuko. Suke la pembe mbili ni mgawanyiko uliochelewa. Mmea haukubuni jambo geni. Umefanya kazi yake ya kila siku kwa saa isiyo yake.

Sasa pima. Mgawanyiko umeanzia karibu na bua, katikati ya suke, au kwenye ncha kabisa? Tafuta mengine jirani. Ukibahatika kuyapata kadhaa, yapange kwa macho kuanzia yale yaliyotengana tangu chini hadi lile lenye mpasuko mdogo tu juu, na utakuwa na ngazi nzima inayounganisha "masuke mawili" na "suke moja". Hapo magoti husahau baridi. Unaona kwamba mmea una maamuzi mawili tofauti, lini ncha igawanyike na lini majani yaanze kuzaa, na kwamba maamuzi hayo yanaweza kupishana. Kwenye masuke yaliyonyooka huwezi kuliona hilo, kwa kuwa huko yote mawili yamekuja kwa zamu ileile tangu shina la kwanza hadi la mwisho.

Aina ya pili inahitaji subira zaidi: suke linalorudi kuwa tawi. Kwa desturi ya Lycopodium clavatum, suke ni mwisho wa safari. Ncha ikishatengeneza vifuko vyake husimama. Lakini mara mojamoja haisimami. Juu ya majani ya njano yenye vifuko hutokea tena majani ya kijani, matupu, yenye unywele wake mweupe, kana kwamba mmea umejiuzulu uzazi. Kabla hujaandika neno "kilema" kwenye daftari, panda mpaka kwa Huperzia umtazame jirani. Huko hakuna suke lililojitenga. Kwenye shina lilelile kuna eneo la majani yenye vifuko, juu yake eneo la majani matupu, kisha vifuko tena, na shina linaendelea hivyo kila linavyokua. Kilema cha huyu ni desturi ya yule. Mtu aliyeziona mbili hizi siku moja amepata somo la mageuzi ya viumbe ambalo hakuna mchoro ubaoni unaoweza kulifundisha vizuri hivyo.

Frederick Orpen Bower, aliyekuwa profesa wa botania Glasgow kuanzia 1885 hadi 1925, alilijua hilo vyema. Alichungulia mipaka ile kwenye Huperzia selago, mahali eneo la vifuko linapokutana na eneo tupu, na kwapani mwa majani ya mpakani akakuta vifuko vilivyokwama: vidogo, havijakomaa. Mkusanyaji mwenye haraka angeviita uchafu. Bower alivijengea hoja, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1908 kuhusu asili ya mimea ya nchi kavu akasema kwamba majani matupu ni majani ya uzazi yaliyopoteza vifuko vyake, na kwamba hivi vilivyokwama ni alama ya upotevu huo. Mimea hii, kwa maoni yake, ilianza ikizaa kila mahali, kisha ikajifunza kuacha.

Hoja ilikuwa nzuri, na jiwe la Scotland likaja kuitikisa. Kijijini Rhynie kuna mwamba wa gumegume uliohifadhi mimea ya takriban miaka milioni 407 kwa usafi wa kushangaza, seli kwa seli. Robert Kidston na William Henry Lang walipoueleza mmea wa ukoo wa likopodi uitwao Asteroxylon mwaka 1920, waliuhusisha na vishina vya uzazi visivyo na majani vilivyolala karibu yake. Kumbe vishina vile vilikuwa vya mmea mwingine. Ilichukua hadi mwaka 1964 ndipo A. G. Lyon alipoonyesha sehemu yake halisi ya uzazi: vifuko vyenye umbo la figo, kila kimoja kwenye kikonyo chake kifupi, vimejipenyeza katikati ya majani ya kawaida. Havikukaa kwapani wala juu ya jani. Basi ile sheria ya "jani moja, kifuko kimoja" haikuwepo tangu mwanzo. Jani na kifuko vilikuwa majirani kabla ya kuwa wabia, na hadithi ya Bower ya majani yaliyopoteza vifuko vyake ikakosa mahali pa kusimama. Uchunguzi wake wa mipakani, hata hivyo, bado ni sahihi: vifuko vilivyokwama vipo, na anayeweza kufika kwenye vilima vya Huperzia anaweza kuviona mwenyewe.

Ndiyo maana hatua inayofuata ni kujizuia. Johann Wolfgang von Goethe, katika maandishi yake ya 1790 kuhusu mabadiliko ya umbo la mimea, alitumia waridi ambalo shina lilikuwa limechomoza katikati ya ua na kuendelea kukua, akiliona kama ushahidi wa jinsi ua lilivyojengwa. Mwaka 1869 Mwingereza Maxwell Masters akachapisha kitabu kizima cha mimea yenye maumbo yasiyo ya kawaida. Tangu hapo kumekuwa na kishawishi cha kukiona kila kioja kuwa kumbukumbu ya mababu. Si kila kioja kinakumbuka. Ncha ya kukua ni kitu laini, na ikijeruhiwa hufanya mambo ya ajabu. Kwenye sehemu za juu za Kilimanjaro na Mlima Kenya sakitu inaweza kuanguka usiku wowote wa mwaka. Kuna wadudu. Kuna pia buti la yule mwenzako aliyetangulia na fimbo zake.

Utatofautishaje? Rudi. Funga uzi mwekundu chini ya bua, andika mahali na urefu kutoka usawa wa bahari, na msimu ujao utazame tena. Lycopodium clavatum husambaa kwa kutambaa, kwa hiyo zulia zima ulilolipigia magoti linaweza kuwa mmea mmoja. Ikiwa masuke ya pembe yanatokea mwaka baada ya mwaka kwenye zulia lile tu, ilhali mazulia ya jirani kwenye baridi ileile yamenyooka, kuna haki ya kushuku urithi. Yakiwa yametokea mara moja, pembezoni mwa njia iliyokanyagwa, shuku buti. Kazi hii haihitaji maabara. Inahitaji mtu anayepita mahali palepale zaidi ya mara moja.

Ukiwa na kibali cha kuchukua suke, liache likauke juu ya karatasi nyeusi kisha uligonge taratibu. Unga wa njano utakaomwagika hauloani. Unyunyize juu ya maji, tumbukiza kidole, nacho kitatoka kikavu. Usiupeperushe karibu na moto, kwa kuwa ukitawanyika hewani huwaka kwa mlipuko. Ndugu wawili Wafaransa, Nicéphore na Claude Niépce, waliutumia kama mafuta ya injini yao mwaka 1807. Chester Carlson naye aliunyunyiza kwenye bamba lenye chaji ya umeme tarehe 22 Oktoba 1938 huko Astoria, New York, akapata nakala ya kwanza kwa njia ambayo baadaye ilizaa mashine za fotokopi. Wewe uweke chini ya hadubini. Spora ya Lycopodium clavatum iliyo nzima ina nyavu nyavu juu ya ngozi yake, na upande mmoja ina kovu la mistari mitatu inayokutana, kwa sababu ilizaliwa pamoja na dada zake watatu wakiwa wameshikana.

Hapa hutokea upotovu ambao jicho la njiani haliwezi kuuona. Suke limenyooka, vifuko vipo, na ndani spora zimenyauka, kubwa kwa ndogo, nyingine zimebonyea. Mara nyingi hiyo ni dalili ya uchotara. Huko Amerika Kaskazini, Joseph Beitel na Warren Wagner walitumia spora za namna hiyo kuwatambua machotara wa Huperzia waliokuwa wakichanganywa na wazazi wao. Chotara wa Huperzia hafi kwa utasa. Ana vichipukizi vidogo kwenye mashina, vinavyodondoka na kuota, kwa hiyo anaendelea kuongezeka huku spora zake zikiwa hazina kazi. Halafu kuna jenasi Diphasiastrum ya nchi za baridi, ambayo machotara wake mara nyingi hutoa spora nzuri kabisa. Anayedhani ameipata kanuni kwa kuchunguza jenasi moja atakutana na ya pili imkatalie.

Selaginella, jamaa wa karibu wa likopodi, nayo haistahili kuachwa ingawa haiwezi kupewa nafasi kubwa hapa. Hiyo ina vifuko vya aina mbili, vya spora kubwa na vya spora ndogo. Selaginella kraussiana, inayotandaza zulia kwenye sakafu za misitu yenye unyevu ya Afrika Mashariki, kwa kawaida huweka kifuko kimoja tu cha spora kubwa chini ya kila suke, na ndani yake spora nne. Ukikuta viwili, au kimejitokeza juu mahali pasipo pake, andika. Mmea huohuo ndio uliotumiwa na Jill Harrison na wenzake katika utafiti uliotoka mwaka 2005, ulioonyesha kwamba makundi ya vinasaba yanayotenganisha jani na ncha inayokua kwenye mimea ya maua yanafanya kazi ya aina hiyo hapa pia. Mmea wa msituni kwetu umewasaidia wanasayansi wa Ulaya kuelewa jani ni nini. Haifai sisi tuukanyage bila hata kuuangalia.

Nimeyaweka mwisho makosa ya watu, kwa kuwa ndiyo yanayoniudhi zaidi. Mkusanyaji akisimama mbele ya masuke mengi, mkono wake huenda kwenye lililonyooka. Analikausha, analibandika kwenye karatasi, analiandikia lebo, na lile la pembe linabaki porini likioza. Mwingine akirudia hivyo, na mwingine, hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, inajaa mimea iliyochaguliwa kwa urembo. Siku mtafiti atakapofungua makabati hayo akitaka kujua masuke yaliyogawanyika hutokea mara ngapi, kabati litampa jibu la uongo, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba ni uongo. Anayechukua kioja peke yake kwa sababu kinavutia naye anafanya kosa lilelile kwa upande wa pili, maana atawafanya wasomaji wadhani mlima mzima umeota pembe.

Dawa yake ni hesabu. Tenga eneo dogo, hesabu masuke yote yaliyonyooka, hesabu yaliyopotoka, andika namba zote mbili hata kama ya pili ni sifuri. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni: moja ya suke, moja ya bua lote, moja ya zulia na mazingira yake. Ndani ya hifadhi usichume bila kibali; picha yenye rula na hesabu inatosha kuanzia. Ukiwa na kibali, chukua lililopotoka pamoja na jirani yake mtiifu, yawekwe kwenye karatasi moja, na lebo iseme waziwazi kuwa suke limegawanyika au limerudi kuwa tawi. Lebo inayotaja jina la mmea na tarehe pekee imeficha kile kilichokufanya upige magoti.

Wanaoweza kuifanya kazi hii kuliko profesa yeyote ni waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro na Mlima Kenya, na walimu wa biolojia wa shule za Lushoto, Muheza na Morogoro. Wao hupita kwenye njia zilezile msimu baada ya msimu, jambo ambalo mgeni wa wiki moja hawezi hata akiwa na vifaa vya thamani. Nawaomba: nunueni lenzi, fungeni uzi mwekundu, hesabuni. Mkipata suke la pembe mbili, msilinyamazie. Pelekeni picha na namba zenu kwenye hebaria ya Nairobi, ya Arusha au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwambieni anayewapokea aziweke pamoja na yale masuke yaliyonyooka.